Amri ya Kukamilisha Kukimbia

Palikuwapo nchi moja, na kama ingalipo waulizeni walinzi wa mpakani, maana mimi jina lake silitaji. Wenyewe ni wakali na masikio yao ni marefu. Ilikuwa nchi njema sana. Barabara zake zilikuwa na mashimo ya kumtosha kila mwananchi, umeme ulikuja sikukuu, na raia wote walikuwa na haki ya kupiga makofi. Lakini kilichoipa nchi hiyo sifa kuliko vyote ni Vita vya Mfinyo.

Vita hivyo vilipiganwa asubuhi moja ya karne ya nane, katika Bonde la Mfinyo. Upande mmoja walikuwa Wang'oro chini ya Mfalme Shambaro. Upande wa pili walikuwa Waluma, chini ya mtu ambaye jina lake lilipigwa marufuku. Wang'oro wakashinda. Ungedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Katika nchi hiyo mtoto alivijua Vita vya Mfinyo kabla hajajua kufunga vifungo vya kaptura. Alifundishwa kwamba laiti Shambaro angeshindwa asubuhi ile, leo watu wangekuwa wanapika wali bila chumvi, wake wangewatuma waume dukani, na dunia nzima ingekuwa imepotea njia. Tena kwa kuwa Rais, Mtukufu Kiongozi wa Daima, alikuwa wa uzao wa Shambaro, ilieleweka kwamba uchaguzi ulikwisha kufanyika karne ya nane na hapakuwa na haja ya kuwasumbua watu tena.

Waluma nao hawakusahauliwa. Katika ofisi za serikali walipanga foleni nyuma, kwa sababu nyuma ndiko walikokimbilia. Mluma akiomba kazi aliulizwa, kwa upole kabisa, "Na karne ya nane ulikuwa wapi?"

Mwenye dhamana ya kueleza umuhimu wa vita hivyo alikuwa Dokta Sikujua Mtondoo, Mwanahistoria wa Taifa. Jina la Sikujua alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, wala halikuhusiana na kazi yake, ingawa maadui zake walishikilia kwamba linahusiana. Alikuwa Mng'oro wa ukoo safi, mwenye gari la serikali na sauti tamu ya redioni. Kila Alhamisi jioni aliendesha kipindi chake, Dakika za Ushindi, na sheria ilisema kwamba mtu yeyote atakayempinga Mwanahistoria wa Taifa kuhusu Vita vya Mfinyo ni adui wa nchi. Doa lake lilikuwa moja tu: aliolewa na Mluma, mwalimu wa hesabu aitwaye Lukwaro, na mamake Lukwaro aliishi kule kule Mfinyo.

Sikujua aliwahi kuchimba bondeni humo msimu mzima, akitafuta mikuki ya Shambaro. Alipata mafiga, vigae vya vyungu na kisima cha kale kilichojaa matope. Mkuki hakuuona hata mmoja. Akafukia mashimo, akanawa mikono, akaenda redioni kueleza kwamba kukosekana kwa mikuki kunathibitisha jinsi Waluma walivyokimbia nayo.

Basi, Siku ya Ushindi ilipokaribia, Waziri wa Ushindi wa Kale, Mheshimiwa Tambo Kifua, alimwita ofisini. Tambo alikuwa mtu mfupi mwenye kiti kirefu. Alikuwa akinywa maji ya chupa yenye picha yake mwenyewe, maji ambayo malori yake yaliyachota kwa kificho kutoka chemchemi ya Mfinyo.

"Dokta," alisema, "Vita vya Mfinyo vilikwisha lini?"

"Karne ya nane, Mheshimiwa."

"Umekosea. Havijaisha." Akashusha chupa. "Vita huisha adui akiondoka uwanjani. Sasa niambie, bondeni wanaishi akina nani?"

"Waluma, Mheshimiwa."

"Umeona? Wako pale pale! Tumewashinda, tumewasubiri, tumewavumilia karne na karne, na mpaka leo hawajamaliza kukimbia. Ni aibu kwa taifa."

Akamsogezea karatasi yenye mhuri. Ilikuwa Amri ya Kukamilisha Kukimbia. Ilieleza kwamba mkazi yeyote wa uwanja wa vita atahesabiwa kuwa ni askari wa adui aliyechelewa kuondoka, na kwamba Siku ya Ushindi wakazi wote watakimbia mbele ya Rais, kwa heshima na taadhima, mpaka wasionekane tena.

"Watakimbilia wapi, Mheshimiwa?"

"Amri inahusu kukimbia, Dokta. Kufika si kazi ya wizara yangu." Akajifuta midomo. "Wewe utakuja kunionyesha mipaka ya uwanja, na siku yenyewe utatoa hotuba ya umuhimu wa kihistoria. Ndefu. Ya kutoa machozi."

Sikujua alimfikiria mumewe. Kisha akalifikiria gari. "Nitakuja, Mheshimiwa," akasema.

Nyumbani, Lukwaro alipoelezwa hakugombana. Alibeba godoro lake akalipeleka sebuleni, kisha akarudi kuchukua mto.

*

Mfinyo lilikuwa bonde dogo la kijani, lenye mtama, migomba na chemchemi isiyokauka. Waziri Tambo alishuka na wapimaji waliobeba vibendera vyekundu, akawa anatembea mbele kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Hapa Shambaro alipita?" aliuliza, akionyesha migomba iliyozaa vizuri.

"Huenda alipita, Mheshimiwa."

"Alipita. Bendera! Na pale kwenye chemchemi?"

"Pale pia, pengine alikunywa maji."

"Alikunywa sana. Bendera nne! Na kule kwenye mawe na miiba?"

"Kule..."

"Kule hakufika. Alikuwa amechoka."

Ndivyo mipaka ya vita ilivyopimwa. Hatimaye wakatokea uani kwa Bi Nyamizi, mamake Lukwaro, aliyekuwa akipepeta mtama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Alimwona mkamwana wake, akaendelea kupepeta.

"Shikamoo, mama," alisema Sikujua.

"Shikamoo yako iweke. Utaihitaji uzeeni."

Waziri akajitia ucheshi. "Mama, unafahamu kwamba babu zako walishindwa hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa uliposimama."

"Kwa hiyo walikuwa hapa."

"Walikuwa hapa, wakashindwa."

"Na wenu walitoka wapi?"

Waziri akamtazama Sikujua. "Kaskazini," akajibu Sikujua kwa sauti ndogo.

"Walikuja," alisema Bi Nyamizi. "Nijuavyo mimi, mgeni akimaliza ugomvi ndiye huaga."

"Mtu aliyeshindwa hana kwao!" Tambo alifoka, ucheshi wote umekwisha. "Ana alikotoka tu!"

Bi Nyamizi akaweka ungo chini, akamgeukia Sikujua. "Wewe ulikuja hapa ukachimba shamba langu kama nguruwe. Nikakupikia uji, kwa sababu mwanangu alikupenda. Uliona nini kule chini?"

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu..."

"Nakuuliza mkuki. Uliona mkuki?"

Wapimaji waliacha kupima. Waziri alikunja uso. Sikujua alitazama viatu vyake, viatu vizuri vya ngozi vilivyoanza kushika matope.

"Mwanangu alitafuta mke," alisema Bi Nyamizi, "akapata redio."

Bendera ya mwisho ya siku hiyo walichomeka jikoni kwake, katikati ya mafiga, kwa maelezo kwamba hapo ndipo Shambaro alipoonyesha huruma.

*

Siku ya Ushindi palijengwa jukwaa kubwa bondeni, juu ya shamba la mtama. Rais aliketi kwenye kiti cha enzi chenye mwavuli. Mawaziri waliketi kwa kufuata uzito wa mababu zao. Chini yao, Waluma wote wa Mfinyo, wazee, wajawazito na watoto wachanga migongoni, walipangwa mistari na mizigo yao vichwani, wakisubiri filimbi. Kati yao alizunguka ofisa wa wizara mwenye cheo cha Mkaguzi wa Hofu. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nyuso.

"Wewe baba, toa macho zaidi. Karne ya nane hawakuwa wanasinzia. Mama, midomo itetemeke. Itetemeke!"

Bi Nyamizi alikuja na kigoda chake. Alikiweka mbele ya mstari, akaketi.

"Simama," Mkaguzi alimwamuru.

"Si nimeshindwa? Aliyeshindwa hukaa."

Mkaguzi akamkonyeza askari mmoja, na askari akapiga teke kigoda. Bi Nyamizi alianguka ubavu, kanga ikamtoka kichwani, mvi zake zikaingia vumbi. Mawaziri wawili walicheka. Lukwaro, aliyekuja mwenyewe kujipanga na wa kwao, alitoka mstarini akamnyanyua mama yake, akamfunga kanga upya taratibu, kama anayemfunga mtoto. Hakutazama jukwaani hata kidogo.

Sikujua aliyaona hayo yote. Alikuwa amekwisha simama mbele ya kipaza sauti, hotuba mkononi. Kifua chake kikashika moto. Alimkasirikia Waziri, Mkaguzi na yule askari, na zaidi ya yote aliikasirikia sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikingojewa na nchi nzima. Akaikunja hotuba.

"Mtukufu Kiongozi wa Daima," alianza, "umuhimu wa Vita vya Mfinyo ni mkubwa."

Makofi.

"Ni mkubwa mno. Ni mkubwa kiasi kwamba nimelazimika kujiuliza, je, umuhimu wote huu ulitoshea humu?" Akaonyesha bonde kwa kiganja. "Hapa, Mtukufu, mbuzi wakizidi kidogo wanakosa pa kugeukia. Mfalme Shambaro, babu yako, simba wa kaskazini, apigane shimoni?"

Rais, ambaye alikuwa anasinzia, akafumbua macho. "Nani amemweka babu yangu shimoni?" akauliza. Mawaziri wote wakamtazama Tambo.

"Utafiti mpya," aliendelea Sikujua, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia, "unaonyesha kwamba vita vilipiganwa mahali pa juu, penye upepo na heshima. Vilipiganwa Kilima cha Pepo."

Kila mtu alikijua Kilima cha Pepo. Waziri Tambo alikuwa amejenga huko jumba la ghorofa, na paa lake liliipita Ikulu kwa urefu. Jambo hilo lilikuwa limemkaa Rais rohoni kama mwiba wa samaki.

Rais akainama mbele. "Kilima chote, Dokta?"

"Hasa kileleni, Mtukufu. Kileleni ndipo adui alipopiga kambi."

"Napinga!" Tambo aliruka kutoka kitini. "Mwanamke huyu ni mwongo! Vita vilikuwa hapa hapa, mimi mwenyewe nimepima!"

Jaji Mkuu alikohoa. Akakumbusha, kwa masikitiko, kwamba anayempinga Mwanahistoria wa Taifa kuhusu vita hivyo ni adui wa nchi, na kwamba kwa mujibu wa Amri aliyoiandika Mheshimiwa mwenyewe, mkazi yeyote wa uwanja wa vita ni askari wa adui aliyechelewa kuondoka.

"Kumbe tumekaa naye baraza moja miaka yote hii," alisema Rais kwa huzuni kubwa, akionekana kuburudika. "Haya, Tambo. Kamilisha."

Filimbi ikalia. Bendi ilikuwa imekwisha shika tarumbeta na haikujua wimbo mwingine, kwa hiyo Waziri wa Ushindi wa Kale akakimbizwa bondeni kwa wimbo alioutunga mwenyewe, koti likipepea, kiatu kimoja kikibaki kwenye tope. Mkaguzi wa Hofu alimtazama usoni akaona hakuna la kurekebisha.

Waluma walishangilia mpaka sauti zikawakauka, kisha wakabeba mizigo yao kurudi majumbani. Bi Nyamizi hakushangilia. Aliokota kigoda chake, kilichovunjika mguu, akakikagua, akaondoka.

*

Haukupita mwezi, Sikujua akaitwa Ikulu. Alikuwa amekwisha kuona kwamba mambo yameharibika kwa namna mpya. Watu walikuja nyumbani kwake na kuku na vitenge, kila mmoja akimwomba avihamishie vita kwenye kiwanja cha jirani yake. Na kwa kuwa Waluma hawakuwa tena adui wa Mfinyo, vijana wao walipewa heshima mpya ya kukamatwa njiani na kuingizwa jeshini. Lusato, kitinda mimba wa Bi Nyamizi, alikuwa wa kwanza.

Rais alimkaribisha chai. Mezani palikuwa na ramani.

"Dokta, nimefikiri sana juu ya babu yangu," alisema. Kidole chake kilianzia Kilima cha Pepo, kikateremka polepole, kikavuka Mto Rungo na kuingia nchi ya majirani, ambako siku za karibuni ilikuwa imegunduliwa dhahabu. "Adui alipokimbia, hakuvuka hapa? Na Shambaro, kwa jinsi tunavyomjua, hakumfuata?"

"Sina ushahidi huo, Mtukufu."

"Mwezi uliopita ulihamisha vita vizima ukiwa umesimama juani. Leo una kiti na chai."

Sikujua aliweka kikombe chini. "Yale ya mwezi uliopita yalikuwa uongo," alisema.

"Najua. Yalinifurahisha."

"Na yale ya redioni, miaka yote, yalikuwa uongo."

"Hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa." Rais alimwongezea sukari bila kumwuliza. "Sasa uongo wote huo umeumeza bila maji, iweje huu ndio ukukwame?"

"Ng'ambo kuna watu wenye bunduki, Mtukufu. Watakufa vijana."

"Hawatakufa bure. Watakufa kihistoria." Akasimama, maana yake mazungumzo yamekwisha. "Jeshi liko mtoni. Alhamisi wanajeshi wote watafunguliwa redio. Utawaambia babu yangu aliishia wapi, nao watakwenda kuanzia hapo. Usichelewe. Una sauti nzuri sana."

*

Alhamisi hiyo Sikujua alikwenda redioni kwa miguu. Fundi mitambo alipiga mlio wa Dakika za Ushindi, akamwashia taa nyekundu.

"Wasikilizaji," alisema, "mimi ni Sikujua Mtondoo. Nilichimba Mfinyo kwa mikono yangu. Sikuona mkuki. Niliona mafiga ya watu wa aina mbili, na kati yao kisima kimoja. Watu hao waligombania maji. Pengine walirushiana mawe, pengine matusi tu. Kisima kilijaa matope kwa mara moja, ndiyo sababu nadhani ilinyesha mvua kubwa, wakaacha. Najua waliacha, kwa sababu mafiga ya pande zote mbili yaliendelea kupikiwa, vizazi na vizazi. Mmeniuliza umuhimu wa vita vile. Umuhimu wake ni kwamba waliopigana walirudi nyumbani. Wasingerudi, msingezaliwa ninyi mnaonisikiliza, si Mng'oro si Mluma. Ninyi mlioko mtoni, Shambaro hakuvuka. Sina hakika hata kama alikuwapo."

Fundi mitambo aliyatumbua macho, mkono juu ya swichi, na hakuizima. Buti zilisikika ngazini. Ikasikika na kofi, halafu ukapigwa wimbo wa taifa mara tatu mfululizo.

Walimfungia gereza la wanawake, katika chumba chenye mlango wa nondo na dirisha dogo. Hakuna aliyemwambia lolote. Kila bunduki iliyoalika mahali, hata ya mlinzi aliyekuwa akitishia kunguru, ilimfanya aamke na kukaa akisikiliza upande wa mtoni.

Mgeni wa kwanza aliyeruhusiwa alikuwa Bi Nyamizi. Alisimama nje ya nondo na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, macho yale yale yasiyopepesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiitikia. "Lukwaro yuko getini. Wanaruhusu mtu mmoja. Nimemwambia niingie mimi, mwenye hasira nyingi zaidi."

"Mama, kule mtoni..."

"Nilikwenda." Alivuta kitambaa vizuri juu ya bakuli. "Nilisikia ile redio yako, nikafunga kanga nikaenda. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nikakuta wanawake wamejaa, Waluma na hao wenu, kila mmoja anaita jina la mwanawe. Ng'ambo ya pili nako wanawake wamejaa, na wao wana redio. Ofisa mmoja akatuamuru tutawanyike. Tukatawanyika, kila mmoja na wake. Lusato nilimtoa kwa sikio, na bunduki yake nikaiacha kwenye matope."

"Hawakupiga risasi?"

"Wampige nani? Kila aliyebaki alikuwa anamtafuta mamake." Akalihamishia bakuli mkono wa pili. "Serikali imetangaza kwamba vita vimeahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa."

Sikujua alishika nondo kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso. Mabega yalimtikisika. Bi Nyamizi alimwacha alie mpaka achoke. Hakumgusa.

"Kesi yako?" aliuliza baadaye.

"Wamesema itasikilizwa. Hawajasema lini."

"Mimi sijakusamehe. Ulikuwa na mdomo huo miaka yote." Akasogeza bakuli kwenye nondo. "Kula, limeanza kupoa."

Mlinzi akaingiza mkono kati yao. "Lazima nionje kwanza. Taratibu za usalama."

Bi Nyamizi alimpiga kofi mkononi, kofi kavu lililosikika ukumbi mzima. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko," alisema mlinzi, akijisugua.

"Basi nenda akakupikie."

Mlinzi alitazama kulia na kushoto, kisha akasogea kando. Ulikuwa ugali wa mtama na mlenda. Sikujua alikula amesimama, kwa mkono, na Bi Nyamizi akabaki pale akihesabu matonge kwa macho mpaka bakuli likawa jeupe.